Skafu ya duara: pima mkono wako kwanza ndio ujue uanze na stichi ngapi

Swali: Habari mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili huku Kahawa West, natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu asubuhi kushika matatu na hii baridi ya Julai inanimaliza shingo. Nimetaka kujishonea na krosheti ile skafu ya duara haina ncha, ile unavaa kwa kichwa. Nilifuata mtu wa YouTube akasema cheni 84, nikaunga, ikajipinda kama namba nane, na nilipofumua nikarudia ikakataa kupita kichwa. Pia nilitaka nyekundu na nyeupe lakini nyekundu inachungulia nyuma ya nyeupe. Halafu msichana wangu anataka yake na jina lake juu, lina herufi tano. Najua cheni na stichi fupi tu. Nianze na stichi ngapi, na huu uzi umeharibika nitupe?

Jibu: Mama asante kwa kuandika, na asante tena kwa kueleza kila kitu vile kilienda, juu mtu akiniambia tu "imekataa" huwa sijui nianzie wapi kumsaidia. Ile 84 haikuwa mbaya. Ilikuwa tu ya mkono wa mtu mwingine, na hiyo ndio nataka tumalize kabla hatujagusa mambo ya rangi.

Kila mtu hushika uzi vile anashika. Kuna mwenye hubana mpaka sindano inaingia kwa shida, na kuna mwenye hulegeza mpaka kidole kinapita. Hao wawili wape uzi mmoja, sindano moja ya krosheti ya milimita 5, wa kwanza anaeza kukupea stichi 17 ndani ya sentimita 10 na huyu mwingine 14. Sasa piga hesabu na hiyo 84 yako. Kwa yule wa 14 inatoa sentimita 60, skafu inapita kichwa bila kelele. Kwa yule wa 17 inatoa sentimita 49 na kidogo, na kichwa cha mtu mzima huwa kama 54 mpaka 58. Lazima ingekataa. Na stichi fupi haivutiki kama sweta ya mashine, usijiambie eti itanyooka ukiivaa, haitanyooka.

Kwa hivyo kabla ya kitu kingine chochote shona kipande cha kujaribia. Najua unaona ni kupoteza usiku mzima na watoto wanataka kula, lakini ni nusu saa tu na itakuokolea wiki. Piga cheni 21, rudi na stichi fupi 20, endelea mistari kama 20 hivi mpaka upate kitambaa kidogo cha mraba. Kiloweshe, kikamue, kiache kikauke kikiwa kimelala. Halafu weka rula ya mtoto katikati yake (kando kando kunadanganya, usipime huko) na uhesabu stichi ziko ngapi ndani ya sentimita 10. Hiyo ndio namba ya mkono wako na uzi wako na sindano yako, andika kwa karatasi ufunge na bonge la uzi. Mzunguko unaotaka, zidisha na hiyo namba, gawa na 10, hapo ndio unaanzia, na hautawahi uliza mtu tena "nianze na ngapi".

Wewe chukua mzunguko wa sentimita 60, na kwenda juu kama 22, hiyo inatoka kwa kidevu inaingia ndani ya jaketi na upepo haupati njia. Kama ungetaka ile ndefu ya kuzungusha mara mbili ni 130 ama 140, uzi unaenda zaidi ya mara mbili, na kwa mtu wa kushuka na kupanda matatu mimi napendelea ile fupi, haishikwi na mlango wala na mkoba wa mtu. Msichana mpime kichwa na tepu vile amesukwa, si akiwa amefumua nywele, juu rasta na zile bani za juu zinaongeza sentimita nyingi sana, kisha ongeza 2 ama 3.

Tuseme mkono wako ni 17, na kwa vile umeniambia nadhani ni kama huko. 60 mara 17 gawa na 10 ni 102. Sasa kabla ukubali hiyo namba angalia inagawanyika na nini, juu rangi zitataka kurudia rudia kuzunguka shingo na zikutane sawa. 102 inagawanyika na 2, na 3, na 6, poa kabisa. Ukipata 101 panda ukuwe 102, stichi moja hakuna mtu ataiona. Hiyo 84 watu wengi huipenda juu inagawanyika na 2, 3, 4, 6, 7 na 12, karibu kila muundo unaingia.

Kuhusu kujipinda kama nane: hiyo hufanyika wakati unaunga cheni tupu, cheni ya 102 ni kama kamba ya viatu, hauezi ona juu ni wapi na chini ni wapi. Usiunge cheni. Shona mstari wa kwanza wote ukiwa wazi, wa kwenda tu, ukifika mwisho uweke kwa meza, uone stichi zote zimeangalia juu kama meno, hapo ndio uunganishe mwisho na mwanzo na stichi ya kuteleza (ingiza sindano, shika uzi, uvute upite stichi na kitanzi cha sindano mara moja). Kutabaki kanafasi kadogo hapo chini, kashone na ule mkia wa uzi mwisho, hakaonekani. Na cheni ya kuanza ipige na sindano kubwa kidogo, ya 5.5 ama 6, kisha urudi kwa 5, juu mtu wa kubana hubana cheni kuliko kitu kingine na unapata skafu yenye chini imekaba na juu imefunguka kama faneli.

Ukishaunganisha endelea kuzunguka tu bila kufunga raundi, kama ngazi ya kuzunguka. Weka pini ama uzi wa rangi tofauti kwa stichi ya kwanza ya raundi na uwe unaihamisha kila ukifika, bila hiyo utapotea, hata mimi na miaka yangu yote bado naweka.

Kitu kimoja cha haraka kuhusu pateni za kwenye simu, yale maelezo ya kushona. Stichi fupi ile unajua, Wamarekani wanaandika sc (single crochet), Waingereza hiyo hiyo wanaandika dc (double crochet), na dc ya Mmarekani ni stichi ndefu. Wengi wetu tunashona kitu nusu tukashangaa mbona imekuwa refu mara mbili. Ukiona sc mahali popote kwa pateni, ni ya Marekani, Waingereza hawana hiyo.

Haya, rangi. Hapa nitakaa kidogo juu ndio moyo wako uko, na ndio wangu pia.

Umesema nyekundu inachungulia nyuma ya nyeupe. Kuna njia ya kubeba uzi: ule hautumii saa hiyo unaulaza juu ya mstari wa chini na unashona ukiufunika, kwa hivyo uko ndani ya stichi, haubaki ukining'inia kwa nyuma ukishikwa na hereni. Sasa ukifunika nyekundu na nyeupe, nyeupe lazima iwe imeshikana. Wewe unabana, hiyo ni zawadi kwa hii kazi. Shida yako nafikiri ni uzi wa nyeupe ulikuwa mwembamba kuliko nyekundu, ama ulikuwa unavuta ile nyekundu ikatoka juu. Nunua nyuzi za unene mmoja, zishike mkononi pamoja uzisugue na vidole, macho yanadanganyika kwa duka lakini vidole havidanganyiki. Na kama bado inachungulia, badilisha: nyekundu iwe ndio nyingi na nyeupe iwe ndio ya kubebwa. Nyeupe ikichungulia kidogo kwa nyekundu inaonekana kama vumbi la mwanga tu, lakini nyekundu kwa nyeupe inaonekana kama uchafu.

Kubadilisha rangi pia kuna siri yake. Rangi mpya huanza stichi moja kabla. Stichi ya mwisho ya nyekundu, ingiza sindano, vuta kitanzi, uko na vitanzi viwili kwa sindano, hapo usimalize na nyekundu, dondosha nyekundu, shika nyeupe, vuta nyeupe kupitia vyote viwili. Kichwa cha stichi hukaa juu ya ile inayofuata, ndio maana. Ukimaliza na nyekundu kisha uanze nyeupe, kila mpaka wa rangi unapata kanukta ka nyekundu mahali hakafai na kazi yote inaonekana kama imechafuka. Halafu kila baada ya stichi kumi hivi, vuta ule uzi unaobebwa polepole, kisha nyoosha kitambaa na mikono miwili ukae sawa. Ukiuvuta na uache, skafu inakunja uso na mzunguko unapungua, na tulishasema sentimita zako ni za kuhesabu.

Kuna kitu hakuna mtu hukuambia kwa zile video fupi. Ukishona stichi fupi ukizunguka bila kugeuza, kila stichi hukaa kidogo upande wa kulia wa ile ya chini, kama unatumia mkono wa kulia. Raundi mbili tatu hauoni. Raundi kumi na tano, mstari wako wa kusimama umelala kama mti wa upepo, na mlima wako una tumbo upande mmoja. Mimi hilo lilinisumbua muda mrefu sana mpaka nikajifunza kuingiza sindano kati. Angalia stichi fupi kwa mbele, ina miguu miwili, kama V. Kawaida unaingiza sindano juu ya V, chini ya vile vitanzi viwili vya kichwani. Sasa wewe ingiza katikati ya hiyo miguu miwili, kati kati ya V yenyewe. Raundi ya kwanza shona kawaida, kuanzia ya pili ingia kati. Stichi zinapangana moja juu ya nyingine karibu wima, na kitambaa kinafanana na sweta ya kufuma na sindano mbili, watu watakuuliza kama ni mashine. Lakini ni ngumu kwa mtu wa kubana! Panda sindano mpaka 6 ama 6.5, na ulegeze mkono kwa makusudi, ukisikia sindano inapigana na uzi umebana tena. Na kile kipande cha kujaribia ukirudie na hii stichi, namba itabadilika, mzunguko mdogo wa stichi 30 hivi unatosha. Ile 102 niliyokuhesabia ni ya stichi fupi ya kawaida.

Nikwambie ukweli, ya kwanza kabisa nisingekuambia uanze na picha. Shona mistari ya rangi. Raundi nne nyekundu, mbili nyeupe, tatu nyekundu, kama ile mikanda inazunguka kiondo, na kama uko na kiondo nyumbani kitoe ukiangalie vizuri, mama zetu Wakamba na Wakikuyu walishasuluhisha hii kazi ya kuzunguka na rangi zamani sana, utaona upana wa mikanda haulingani na ndio maana inapendeza. Mistari haibebi uzi, inapanda tu. Pale raundi zinakutana kutakuwa na hatua ndogo, rangi inaruka juu kama ngazi. Kuipunguza, stichi ya kwanza ya rangi mpya iwe ya kuteleza, legevu, kisha uendelee na stichi fupi kama kawaida.

Ukishamaliza hiyo, ya pili weka vilima, na hii ni yangu nakupea. Kila kilima kinachukua stichi 6, na 102 inabeba vilima 17 bila kubaki. Raundi ya kwanza ya vilima, nyekundu 5 nyeupe 1, rudia mpaka mwisho. Ya pili, nyeupe 1 nyekundu 3 nyeupe 2. Ya tatu, nyeupe 2 nyekundu 1 nyeupe 3. Basi. Kilima kimefika kileleni. Chini yake yote nyekundu, juu yake raundi moja ya nyeupe tupu kisha unarudi nyekundu. Ukitaka kuchora zako, daftari la hesabu lenye miraba linatosha, mraba mmoja stichi moja, unasoma kutoka kulia kwenda kushoto kila raundi, ukianzia chini. Ila picha itatoka imefupika kidogo kuliko ya karatasi juu stichi fupi ni pana kuliko urefu wake, kwa hivyo mduara uchore kama yai limesimama.

Jina la msichana. Hapa nitakukatalia kubeba rangi. Herufi moja inataka upana wa stichi 5 na urefu wa raundi 7, herufi tano na nafasi katikati zinakula 29, na hizo zingine zote zilizobaki unabeba uzi kuzunguka shingo yote bure, skafu inakuwa nzito na ngumu mahali pamoja. Shona yake rangi moja, stichi fupi, iishe. Halafu chukua sindano ya macho makubwa isiyo na ncha kali, uzi wa rangi anapenda, na udarizi juu yake, msalaba mdogo mmoja juu ya kila stichi, ukifuata ule mchoro wa daftari. Stichi fupi ni kama miraba tayari. Usivute, uzi ulale tu. Na akichoka na jina mwaka ujao, ama skafu irudi kwa mdogo wake, unafumua herufi tu, skafu inabaki.

Uzi: gramu 100 za unene wa kati zinatosha skafu yako, na 50 za rangi ya pili. Ukitaka uhakika zaidi, shona raundi moja, ifumue, upime huo uzi. Kama raundi ilikula mita 4 na unataka raundi 35, ni mita 140, unaenda dukani ukijua. Nunua zote siku moja, ukirudi baada ya wiki mbili nyekundu ya duka si ile tena. Akriliki ni sawa kabisa kwa vumbi letu na kufua kila mara. Pamba itakuwa nzito na baridi kwa shingo saa kumi na moja asubuhi, kwa hii Nairobi yetu iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Sufu ya kondoo ndio joto lenyewe lakini pima kwa shingo kwanza, si kwa mkono, shingo ndio huwasha.

Na usisahau Gikomba, lile soko la mitumba. Sweta kubwa la mtumba la sufu safi unaeza kulifumua ukapata uzi wa skafu tatu. Lakini ligeuze uangalie mshono wa kando kwanza: kama umefungwa na ile mashine ya kukata na kuzungushia uzi, kila mstari umeshakatwa, utapata vipande vipande, liache. Kama mshono ni mnyororo mmoja safi unaofumuka ukivuta, lichukue. Lebo ikiwa imekatwa, choma kauzi kadogo nje: sufu inanuka nywele zimeungua na jivu linasagika, akriliki inayeyuka inakuwa kashanga kagumu.

Nyekundu yako, kabla haijakaribia nyeupe, loweka kipande kwa maji ya uvuguvugu, kisha ukifinye kwa tishu nyeupe. Mimi niliwahi kumshonea mteja ya nyekundu na nyeupe, akaifua mara moja akanirudishia ya waridi, nikamshonea nyingine kwa uzi wangu, na tangu siku hiyo hakuna nyekundu inaingia kwa kikapu changu bila tishu. Na akriliki usiipige pasi kabisa, inalala chini, inang'aa, inalegea kama kitambaa cha zamani na hairudi tena. Fua na maji baridi, kunja ndani ya taulo ukamue, ianike ikiwa imelala, ukiining'iniza ikiwa na maji itavutika iwe ya twiga.

Huo uzi wako wa kwanza usitupe mama. Umekuwa na mawimbi tu vile umefumuliwa mara nyingi, haujaharibika. Uzungushe kwa mgongo wa kiti mpaka uishe, ufunge mahali nne na vipande vya uzi mwingine, legevu, usibane. Uutoe hivyo hivyo kama shada, uloweke kwa beseni nusu saa, ukamue bila kusokota, uning'inize kwa kamba ya nguo na kijiko kizito ama kikombe chini yake. Kesho jioni utakuwa umenyooka wa kutosha, utengeneze bonge, na hizo stichi 20 za kujaribia uanze nazo hapo hapo.